Mimba ya Mayai ya Kuchemsha

Mimi ni mwanamke mzima, nina kazi, najilipia nyumba mwenyewe hapa mtaa wa Fedha, Nairobi, na bado nimewahi kutumwa nikakojoe kwenye kikombe siku ya Jumapili nyumbani kwa watu waliotarajiwa kuwa wakwe zangu, akina mama wa kanisa wakisubiri majibu sebuleni na soda zao mkononi, na chanzo cha yote hayo ni mayai ya kuchemsha. Ndiyo, mayai. Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitataka mtu anichekee.

Naitwa Rispa. Mchumba wangu wakati huo alikuwa Evans, kijana wa Donholm, wazazi wake watu wa magharibi ya Kenya kama sisi, babake alistaafu reli na mamake ni kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Evans alikuwa amepata kazi ya bohari huko Doha, na kwa zaidi ya mwaka mzima mapenzi yetu yalikuwa ya simu ya vidio. Sasa kuna jioni moja nimetoka kazini nimechoka, nimeegemeza simu kwenye chupa ya mafuta nakata vitunguu, naye ananitazama tu, kisha anasema, "Rispa, umenona ama ni kamera?"

Ama ni kamera. Ningekuwa na akili ningemwambia ni kamera tukaendelea na maisha yetu. Badala yake nilicheka (yaani nilicheka, mjinga mimi), tukaagana, nikaenda kusimama mbele ya kioo na kitunguu bado mkononi, nikajigeuza huku na huku mpaka machozi yakatoka, na sikujua ni ya kitunguu au ni ya lile swali. Evans alikuwa anarudi Agosti. Nikaamua akinipata uwanja wa ndege asinitambue.

Msichana mmoja wa kazini akaniingiza kwenye grupu ya kupunguza mwili ya kocha mmoja wa jim, kijana wa misuli anayejiita Kocha Brayo, ambaye kila asubuhi alitutumia sauti, "Niaje timu, leo ni protini tu, wanga ni adui." Adui mwenyewe ni ugali, chapati, viazi na wali, yaani kila kitu ambacho mamangu alinilea nacho Shauri Moyo kwa kuuza vitambaa soko la Gikomba. Nilimuuliza kocha, protini kiasi gani? Hilo lilikuwa swali la maana na hata leo nalitetea. Akaniambia nipime uzito wangu, nizidishe kwa moja na nusu, hizo ndizo gramu zangu za siku. Nikafanya hesabu vizuri kabisa. Halafu nikafikiria (na hapa siwezi kumtwika kocha lawama, huu ulikuwa ujinga wangu binafsi) kwamba kama kiasi hicho kinapunguza mwili, basi mara mbili yake kitaupunguza upesi zaidi, na mimi nilikuwa na haraka.

Basi nikawa mtu wa mayai. Mayai asubuhi kabla sijaoga, mayai kazini kutoka kwa yule kijana wa toroli wa nje ya geti (mpaka akaanza kuniwekea kando bila kuniuliza), mchana minofu ya kuku, jioni dagaa wa omena watupu bila ugali, na usisahau ile poda ya mkebe inayokorogwa na maji na kuacha ladha ya chaki mdomoni. Mboga niliziacha kwa sababu zilikuwa zinajaza nafasi ya protini. Matunda yana sukari, nikayaacha. Maharagwe na ndengu, ambavyo vina protini na vimetulisha sisi watu wa Eastlands tangu tuzaliwe, kocha alisema vina wanga ndani, nikaviaga pia. Maji nilikunywa nilipokumbuka, na sikukumbuka sana.

Na nilikonda, msiseme sikukonda. Uso ulikonda, mikono ikakonda, mabega yakatoka mifupa. Lakini tumbo liligoma. Choo kilifunga kabisa, siku zikapita nikihesabu, nikaacha kuhesabu, tumbo likafura likawa gumu kama ubao wa kukatia mboga, na nikipanda ngazi kichwa kinazunguka. Nilipomwambia kocha akanijibu, "Ni mwili unazoea dada, vumilia." Nikavumilia. Sisi wanawake ukituambia tuvumilie hata hatuulizi ni mpaka lini.

Evans akafika siku ya Alhamisi. Uwanja wa ndege alinikumbatia, akanishika mashavu, akasema, "Aa, sasa huyu ndiye Rispa," na mimi nikaona mateso yote yamelipwa. Nawaambia hivi mjue jinsi nilivyokuwa nimeharibika akili. Jumapili yake kukawa na chakula cha shukrani kwa wazazi wake Donholm, na ndiyo siku ambayo mimi na mamangu tungetambulishwa rasmi, kisha wazee wapange siku ya kuja kwetu kuzungumza mahari. Akina mama wa kanisa walialikwa kuombea safari ya Evans. Mama alivaa ile nguo yake ya harusi za watu. Mimi nilivaa kitenge nilichoshonewa zamani, na sasa kilikuwa kinanipwaya mabegani na kunibana tumboni, fundi angeniona angelia. Kwenye mkoba nikaweka mayai yangu manne, nimeyafunga kwa karatasi, iwapo huko hawatakuwa na protini ya kutosha.

Mama Evans alikuwa amepika kama mtu anayeozesha mtoto. Kuku wa kienyeji, mboga ya mrenda, maziwa lala, na ugali wa wimbi mkubwa umekaa katikati ya meza kama mwenye nyumba. Akanikatia kipande cha heshima, akanisogezea kwa mikono yake mwenyewe. Nami ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo wa siku hiyo. Nikasema, "Asante Mama, lakini ugali sitakula. Nitakula kuku tu."

Kwa wasiotoka kwetu niwaeleze: kwa mtu wa magharibi unaweza kula kuku mzima, ukanywa na mchuzi wake, kama hukugusa ugali basi umelala njaa na aliyekupikia amekunyima chakula. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza na kusema kwa ile sauti yake ya kutabasamu, "Rispa, kula." Mama Evans akauliza, "Ama haujaiva?"

"Umeiva Mama."

"Ama wewe ni mgonjwa?"

"Hapana Mama, ni mwili tu, siku hizi haukubali ugali."

Akina mama wawili watatu wakatazamana. Mimi sikuona kitu, mimi nilikuwa naangalia bakuli la kuku. Kwa kawaida bakuli huanza kwa mzee, lakini Baba Evans alikuwa mlangoni akimkaribisha mchungaji, na kwa kuwa mimi ndimi mgeni wa siku bakuli likaanzia kwangu, na nikaona pale juu firigisi. Kocha alikuwa ametuambia firigisi ni protini safi haina mafuta. Nikaitia kwenye sahani yangu, nikaitafuna.

Najua mnaotoka kwetu mmeshika vichwa. Firigisi ni ya mzee wa boma, hata mtoto wa nasari anajua. Lakini jamani, sisi baba alituacha tukiwa wadogo, na Mama kila Krismasi alimpa firigisi yule aliyefanya vizuri shuleni, kwa hiyo mimi nimekua najua firigisi ni ya mwenye bidii. Baba Evans alipokaa, akalifunua bakuli, akalichungulia, akaligeuza geuza kwa kijiko, akalifunika. Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa anaichungua sahani yake, na mpaka leo nikikumbuka vile shingo yake ilivyoinama naumia kuliko mengine yote.

Aliyesema ni Senge, yaani shangazi yake Evans, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye macho ya kuona kila kitu. "Mwacheni," alisema, "mwanamke akitamani kitu namna hiyo hakatazwi." Watu wakacheka kidogo. Mimi pia nikacheka, nikidhani nimesamehewa.

Kisha mrenda ukapitishwa. Ule moto wake, ule mnato, ile harufu ya magadi, na mimi nina tumbo lililojaa mpaka kooni. Nikahisi jasho baridi mgongoni. Nikasimama niende msalani, kichwa kikazunguka, nikashika kitambaa cha meza, nikatapika pale pale mlangoni mwa korido mbele ya mchungaji, kisha miguu ikaniacha nikakaa chini, na mkoba ukafunguka, mayai yakabiringika sakafuni mpaka kwenye viatu vya akina mama.

Na mmoja wao, Mungu amsamehe, akapiga kigelegele.

Kilikuwa kigelegele cha furaha kabisa. Ugali amekataa, firigisi ametamani, anatapika, anatembea na mayai kwenye mkoba, tumbo ndilo hilo, ni nini tena? Wengine wawili wakamwitikia. Halafu nikaona uso wa Mama Evans. Alikuwa amemwangalia Evans, akaniangalia mimi, na akakumbuka mwanawe ametoka Doha Alhamisi. Vile vigelegele vilikufa kimoja kimoja, mpaka kikabaki kile cha mama mmoja wa pembeni ambaye alikuwa hajui safari ya Evans ilikuwa ya muda gani, na mwenzake akamvuta nguo.

Nikapelekwa chumbani. Senge akanilaza, akanibonyeza tumbo kwa vidole vyake kama anayechagua parachichi, akasema, "Hii ni ya miezi mitano." Nikamwambia, "Senge, si mimba, ni mayai." Akanijibu bila hata kuniangalia, "Hata Hawa alisema ni tunda."

Nikamgeukia Mama. Mama aliyenizaa, aliyenilea peke yake, anayejua sijawahi kumletea aibu. Akanishika mkono, akaniinamia, akanong'ona, "Rispa, mimi ni mamako. Niambie tu ukweli, tutajua la kufanya." Nilitaka sakafu inimeze. Wengine wakuwazie wanavyotaka, lakini mamako akikuuliza hivyo unajihisi huna mtu duniani.

Evans alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwangalia nikingoja aseme, "Namjua Rispa." Maneno mawili, hata asingeongeza. Akasema, "Naenda chemist." Akaenda duka la dawa na viatu vyake vipya vya Doha, akarudi na vipimo viwili vya mimba, si kimoja, viwili, na kikombe cha chai kikatolewa jikoni (hicho kikombe sijui kama walikitupa baadaye au bado wageni wanakinywea). Nikakojoa, Senge amesimama nje ya mlango, na sebuleni nasikia akina mama wameanza wimbo wa polepole, ule wa matangani.

Kipimo cha kwanza, mstari mmoja, yaani hakuna mimba. Cha pili, mstari mmoja. Evans aliviona kwa macho yake. Nikapumua, nikadhani yameisha. Senge akasema, "Hizo za chemist hudanganya," na Evans akamtazama mamake, kisha akanitazama mimi, kisha akasema, "Basi twende hospitali tumalize."

Nataka mnielewe hapo. Mara ya kwanza naweza kumsamehe mtu, alishtuka, ametoka safari, mamake analia. Mara ya pili alikuwa ameshaona.

Tulipita sebuleni kwa mstari, Evans, Senge, Mama na mimi, wote tukatazamwa. Kwenye zahanati ya pale karibu tukapata nesi mmoja wa makamo, amechoka, amezoea mambo ya Jumapili. Akapima mkojo tena, akanibonyeza tumbo, akaniuliza mara ya mwisho kwenda choo ni lini. Nikanyamaza. Akarudia kwa sauti zaidi, maana alidhani sikumsikia, na pazia la pale lilikuwa la kitambaa chepesi. Nikamjibu. Akauliza nakula nini, nikamweleza habari ya uzito wangu na moja na nusu, na mara mbili yake, na mayai na poda. Akavua miwani.

"Ile hesabu ya kwanza haikuwa mbaya," alisema. "Mtu anayepunguza mwili anahitaji protini ya kutosha ili asipoteze misuli. Sasa wewe ukaifanya mara mbili, halafu ukafukuza kila kitu kingine kwenye sahani. Mboga hakuna, matunda hakuna, maharagwe hakuna, maji hakuna. Choo kitatoka na nini?" Kisha akafungua pazia akawatangazia waliokuwa kwenye benchi, pamoja na mgonjwa mmoja mwenye kikohozi ambaye hakuhusika, "Huyu hana mimba. Huyu amefunga choo."

Yaliyofuata ya dawa na msala wa zahanati siyasimulii. Jueni tu kwamba Senge alikuwa nje ya mlango tena, na kwamba nilipotoka alikuwa amekaa na Evans wanacheka. Walicheka kwa kufarijika, nawaelewa, hata Mama alitabasamu. Evans akanishika bega akasema, "Sasa yameisha, si ndiyo?" na akataka turudi tukanywe chai.

Sikurudi. Lakini sikumwacha pia, msidhani mimi ni shujaa. Nilimpenda Evans, nilitaka harusi. Siku chache baadaye nilimwomba kitu kimoja tu. Nilimwambia, wale akina mama waliondoka na nusu ya habari, walisikia kigelegele, waliniona nikipitishwa kwenda hospitali, hawakuona tukirudi. Mwambie mamako, Jumapili akisimama kutoa matangazo, aseme tu kwamba Rispa alikuwa mgonjwa wa tumbo na hana mimba. Sentensi moja.

Akaenda kumuuliza mamake, akarudi amekunja uso. "Mum anasema mambo ya choo hayatangazwi kanisani."

"Kwa hiyo ya mimba ndiyo yanayotangazwa?"

"Hakuna aliyetangaza, Rispa. Watu watasahau tu. Kwani wewe unajali nini, na mimi najua ukweli?"

Nikamwambia, wewe ulijua ukweli kwenye kipimo cha pili na ukanipeleka kwa cha tatu. Tuliendelea kupigiana simu kidogo kidogo, zikapungua, ile siku ya wazee kuja kwetu haikupangwa, na mwisho nikasikia amerudi Doha bila kuniaga. Sijui mpaka leo kama Baba Evans alikasirikia mimba au firigisi.

Nilitoka kwenye grupu ya kocha, ile poda nikampa jirani. Bado nataka kupunguza mwili kidogo, kwa sababu ya magoti yangu na kwa sababu nataka mwenyewe. Nakula yai langu, nakula maharagwe, samaki, sukuma, ugali kiasi cha ngumi, nakunywa maji, na kwa wiki nyingine hata kilo moja haitoki na sina haraka. Lakini nimeapa, mwanamume akiniuliza tena kama nimenona au ni kamera, namwambia nimenona na nakata simu.

Mwezi uliopita nilienda Gikomba kumsaidia Mama kufungua mzigo. Akaja mmoja wa wale akina mama wa Donholm kununua vitambaa vya mezani, hakuniona, nilikuwa nimeinama nyuma ya mabunda. Akamsalimia Mama vizuri, kwa upendo kabisa, akamuuliza, "Na yule mjukuu, anaendeleaje?" Nikangoja Mama amweleze, kama alivyokwisha kuwaeleza wengine wengi kabla yake. Mama alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena, akasema, "Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu," kisha akamuuliza kama anataka cheupe au cha maua.